Kutoka Otomatiki Hadi Gia za Mkono: Mazingatio ya Gereji Moja ya Rumonge

Wasomaji wa jarida hili wamezoea kukutana nasi katika mijadala ya ngeli na unyambulishaji, ya vina na mizani, na ya ufundishaji wa ufahamu darasani. Safari hii twawaomba watufuate hadi mahali ambapo walimu wa lugha hatufiki mara nyingi, nako ni gereji ya wazi iliyo chini ya mwembe katika mji wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko tulishuhudia gari kuukuu la otomatiki likigeuzwa kuwa gari la gia za mkono. Kazi hiyo ilichukua siku sita, na katika siku hizo tulijifunza mambo mawili: jinsi mashine inavyobeba majukumu ya mwanadamu bila yeye kujua, na jinsi neno moja lisiloeleweka linavyoweza kuchelewesha riziki ya jamaa nzima.

Kwanza tueleze mahali penyewe. Rumonge iko kilomita zipatazo 75 kusini mwa Bujumbura. Barabara itokayo Bujumbura hufuata ufuo wa ziwa, ikapita Magara na Minago, ikafika Rumonge, kisha ikaendelea hadi Nyanza-Lac na Mugina, mpakani mwa Tanzania. Upande wa magharibi ni maji. Upande wa mashariki milima imesimama kama ukuta. Mashamba ya michikichi yamezunguka mji, na mafuta ya mawese pamoja na ndagala na mukeke wa ziwani ndiyo bidhaa zinazosafirishwa kila uchao. Kiswahili ni cha zamani katika mji huu. Kililetwa na misafara na mitumbwi iliyohusiana na Ujiji katika karne ya 19, nacho hakijatoka tena.

Dereva wa Rumonge ana barabara za namna mbili. Ile ya ufuoni ni tambarare, nayo haimsumbui mtu. Ile iendayo Bururi hupanda kwa kona juu ya kona, kwani uso wa ziwa uko mita 770 na kidogo juu ya bahari, na mji wa Bururi umekaa juu zaidi ya hapo kwa mita elfu moja na ushei. Gari lipandalo njia hiyo likiwa na abiria watano na madumu ya mawese hujaribiwa kila kiungo chake. Likishuka hujaribiwa zaidi.

Magari yenyewe yatoka wapi? Aghalabu ni magari yaliyokwisha tumika Japani, yakashushwa bandarini Dar es Salaam, yakavuka Tanzania kwa barabara. Usukani wake uko kulia, ijapokuwa Burundi twaendesha upande wa kulia wa barabara. Tena mengi ni ya otomatiki, na hilo lina sababu yake. Huko Japani gari la otomatiki lilienea mno katika miaka ya 1980, hata mwaka 1991 serikali ya nchi hiyo ikaanzisha leseni ya watu wanaoendesha magari ya otomatiki pekee. Basi gari lililochaguliwa na mkazi wa mji wa Japani kwa ajili ya foleni za huko, baada ya miaka kadhaa humfikia mchukuzi wa Rumonge, ambaye shida yake si foleni bali ni mlima, mzigo na ukosefu wa vipuri.

Gari tulisemalo ni Toyota Corolla ya mwaka 1996, mali ya jirani yetu mmoja anayechukua abiria na mizigo kati ya Rumonge na Bujumbura. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda mno, yakaingia katika mitaa ya ufuoni, na watu wengi wakahama nyumba zao. Corolla hiyo ililala ndani ya maji usiku mmoja. Injini iliokolewa, kwa kuwa mwenyewe hakuthubutu kuiwasha kabla fundi hajaikausha. Lakini giaboksi haikupona. Kila giaboksi ina tundu dogo la kupumulia, na maji yalikuwa yamekwisha pita humo.

Fundi alipofungua kizibo, mafuta yalitoka yakiwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa rangi ya waridi. Alitueleza maana yake. Ndani ya giaboksi ya otomatiki mna sahani nyembamba nyingi zilizopakwa ngozi ya msuguano, ambayo imegandishwa kwa gundi. Maji yakichanganyika na mafuta, ngozi hiyo hulegea na kubanduka. Gari huendelea kutembea kwa siku chache, kisha huanza kuteleza: injini yalia, magurudumu hayaitiki. Ndivyo ilivyokuwa. Wiki ya tatu gari lilishindwa kupanda hata mwinuko wa sokoni.

Jirani yetu alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kununua giaboksi nyingine ya otomatiki iliyokwisha tumika, ambayo hakuna ajuaye ndani yake mna nini. Ya pili ni kuifumua ile ile na kubadili sahani zake, kazi ihitajiyo vipuri visivyopatikana upesi na vipimo ambavyo gereji ya chini ya mwembe haina. Ya tatu ni kuiondoa kabisa na kuweka giaboksi ya mkono, ambayo mafundi wa mwambao huu wameifumua na kuifunga mara nyingi mno.

Njia ya tatu ilikuwa na gharama isiyohesabika kwa fedha. Kaka yake mkubwa ana mguu wa kushoto uliolemaa tangu utotoni. Gari la otomatiki lahitaji mguu wa kulia tu. Kwa hiyo kaka huyo alikuwa akiliendesha siku za Ijumaa, akiwachukua wazee kwenda msikitini na kuwarudisha. Klachi ikiwekwa, kiti kile kingekuwa si chake tena. Jamaa walikaa kikao jioni moja, nasi tuliitwa kama majirani. Mengi yalisemwa ya kuzungukazunguka, maana hakuna aliyetaka kulitamka. Hatimaye kaka mwenyewe alilitamka: "Gari lililolala halimfai mwenye mguu wala asiye na mguu. Watoto wale kwanza." Shauri likaisha hapo. Wako wanaosema kwamba otomatiki ni uvivu wa watu wa mijini. Waliokaa katika kikao kile hawawezi kusema hivyo. Kwa mtu yule, giaboksi ile ilikuwa mguu wa pili.

Ili msomaji aifuate kazi yenyewe, hatuna budi kueleza kwa ufupi tofauti ya mashine hizi mbili. Injini haiwezi kufungwa moja kwa moja kwenye magurudumu, kwani gari likisimama injini nayo ingezimika. Sharti pawe na kitu cha kuunganisha na kutenganisha. Katika gari la gia za mkono kitu hicho ni klachi: sahani moja hubanwa na nyingine kwa springi, na mguu wa dereva ndio unaoziachanisha. Katika gari la otomatiki kazi hiyo hufanywa na mafuta. Mna bakuli la chuma lililofungwa pande zote. Pangaboi moja lasukuma mafuta, na pangaboi la pili lasukumwa nayo. Asili ya wazo hilo ni hati ya uvumbuzi ya mwaka 1905 ya Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekuwa akishughulikia mashine za meli. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi yake ya Hydra-Matic kwa magari ya Oldsmobile ya mwaka uliofuata, na tangu hapo otomatiki ikaingia katika magari ya watu wengi. Giaboksi ya mkono nayo haikulala. Mwaka 1928 magari ya Cadillac yalitiwa pete zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaumana, na dereva akapumzika na ule ufundi wa kukanyaga klachi mara mbili.

Fundi alipoikubali kazi, swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Gari la namna hii, kiwandani lilitengenezwa pia la gia za mkono?" Jibu lilikuwa ndiyo. Corolla za miaka ile zilitoka za aina zote mbili, na bodi ni moja. Katika ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, mahali pa kupitishia silinda ya klachi palikuwa pamekwisha tiwa alama, pakingoja kutobolewa. Fundi alisema kwamba angeletewa Toyota Probox mpya zaidi, za tangu mwaka 2014, asingekubali. Zile za kwanza, zilizoanza kutoka mwaka 2002, zilikuwako za mkono. Hizi za baadaye zina mitambo ya umeme inayozungumziana, na ukiondoa mmoja iliyobaki hugoma.

Kisha ikaja orodha ya vipuri, na hapa ndipo mwalimu wa Kiswahili alipopata kazi. Vipuri vilikuwa viagizwe Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ujulikanao kwa mafundi wake na kwa Kiswahili chake. Fundi alijifunzia kazi kwa watu waliotoka upande wa Kongo. Maneno yake yana asili ya Kifaransa. Mwenye gari alikaa Kigoma miaka mingi. Maneno yake yana asili ya Kiingereza. Mmoja asema ambreyaji, mwingine klachi. Mmoja asema bwati, mwingine giaboksi. Mmoja demareri, mwingine stata. Hayo hayana hatari, maana kila mtu amekwisha yazoea ya mwenzake.

Hatari iko katika maneno yanayofanana. Katika usemi wa Kifaransa, plato ya ambreyaji ni ile sahani nzito yenye springi, inayobana. Katika usemi wa Kiingereza, klachi pleti ni ile sahani nyembamba inayobanwa. Plato na pleti zasikika kama ndugu, kumbe ni vitu viwili tofauti. Kadhalika diski: kwa fundi ni ile sahani nyembamba ya klachi, kwa mwenye gari ni sahani ya breki ya gurudumu la mbele. Na neno volan ni usukani, lakini pia ni lile gurudumu zito la chuma lililofungwa nyuma ya injini, ambalo watu wa Kigoma huliita flaiwili. Mwenye gari alipompigia simu muuza vipuri akamtajia volan, muuzaji aliuliza: "Volan ya kushika mkononi, au volan ya moteri?" Alikuwa mtu mwangalifu. Asiye mwangalifu angetuma usukani, na fedha ya nauli ingekuwa imekwenda na maji.

Basi tuliombwa tuiandike orodha upya. Tuliipanga katika safu tatu: neno la fundi, neno la mwenye gari, na maelezo mafupi ya kazi ya kitu chenyewe. Safu ya tatu ndiyo iliyosaidia. "Sahani nyembamba inayobanwa, yenye meno katikati." "Sahani nzito inayobana, yenye springi." "Gurudumu zito la nyuma ya injini, lenye meno ya stata pembeni." Tukaendelea hivyo: beringi inayosukuma springi za klachi na uma wake, masta silinda ya juu na silinda ndogo ya chini, pamoja na bomba liziunganishalo, kikanyagio cha klachi na kikanyagio chembamba cha breki, kwa kuwa kile cha otomatiki ni kipana mno, mkono wa gia na kebo zake, mipira ya kuegemezea giaboksi, shafti za magurudumu ya mbele, na boliti za flaiwili, ambazo urefu wake hauwi sawa na zile za otomatiki. Vyote vilitolewa katika Corolla moja iliyogongwa kwa nyuma, na giaboksi yake ilikuwa ya jamii ya C50, yenye gia tano, ambayo Toyota iliiweka katika Corolla nyingi za wakati huo. Fundi alisisitiza vitoke katika gari moja. Seti iliyookotwa huku na huku, alisema, haipatani.

Kazi ya kushusha giaboksi moja na kupandisha nyingine ilikuwa ya siku mbili. Hatutairefusha, kwani ni kazi ya nguvu na ya boliti. Mabomba mawili yaliyokuwa yakipeleka mafuta ya otomatiki kupozwa katika rejeta yaliondolewa na matundu yake yakazibwa. Mafuta yakawa ya namna nyingine, mazito zaidi. Lililotushangaza ni kwamba baada ya vyuma kukaa mahali pake, fundi alitumia siku nyingine mbili kwa mambo ambayo mwenye gari aliyaona madogo.

La kwanza ni kuwasha. Gari la otomatiki halikubali kuwaka ila mkono wa gia ukiwa katika P au N. Mna swichi inayolinda jambo hilo. Swichi hiyo hutoka pamoja na giaboksi, na gari halisikii tena ufunguo. Njia ya mkato ni kuziunganisha nyaya mbili za swichi, na gari huwaka papo hapo. Mwenye gari alitaka hivyo, maana siku zilikuwa zikipita bila nauli. Fundi alikataa. Alieleza habari ya gari moja lililofanyiwa hivyo mahali pengine: liliachwa katika gia, mtoto akazungusha ufunguo, gari likaruka mbele na kuvunja meza ya muuza ndagala. Mwenye meza alikuwa ameinuka kwenda kutafuta chenji. Basi nyaya zile zilipelekwa kwenye swichi iliyofungwa juu ya kikanyagio cha klachi, ili gari lisiwake mpaka mguu umekanyaga. Nyaya za taa za kurudi nyuma nazo zilirefushwa hadi kwenye swichi ya giaboksi mpya.

La pili ni kusimama. Katika otomatiki, herufi P hutia jino la chuma ndani ya giaboksi, na gari hushikwa. Kwa sababu hiyo wenye magari hayo wengi huisahau breki ya mkono mpaka kebo zake zishike kutu. Hivyo ndivyo zilivyokuwa za Corolla hii. Fundi alizibadili kebo zote mbili, akalipandisha gari kwenye mwinuko wa kanisani, akavuta breki ya mkono, akatoka nje, akasimama mbele yake. Hatukupenda kutazama, lakini gari halikusogea.

La tatu ni kushuka mlima, nalo si la vyuma bali la mafunzo. Katika miaka ya uhaba wa petroli, ambao ulizidi sana Burundi mwaka 2024 na 2025, madereva wengi wameshika tabia ya kutia gia huru katika mteremko ili kubana mafuta. Tulikuwa tukidhani kwamba ni akili. Fundi alitueleza kwamba injini za namna hii, ambazo mafuta yake hupulizwa kwa amri ya kisanduku cha umeme, hukatiwa mafuta gari likiwa ndani ya gia na mguu umeachia kikanyagio. Likiwa katika gia huru, injini huhitaji mafuta ili isizimike. Kwa hiyo anayetia gia huru haokoi kitu. Tena ameitupa breki ya injini, na breki za magurudumu zabaki peke yake kulishika gari na mzigo wake hadi zichemke. Gia ya mkono humpa dereva uwezo wa kuchagua gia ya pili au ya tatu na kushuka taratibu. Lakini uwezo huo ni kazi bure kwa asiyeutumia.

Tulimwuliza fundi alijifunzia wapi uangalifu huo, naye alijibu: "Mwalimu, kila ninapotoa kitu ndani ya gari, najiuliza kilikuwa kikifanya kazi gani, na sasa kazi hiyo ataifanya nani." Kwa maoni yetu jibu hilo lamfaa kila anayebadili jambo, awe fundi au mtunga mitaala. Otomatiki ilikuwa ikichagua gia, ikilinda ufunguo, ikilishika gari mlimani, na ikimfanyia mtu mmoja kazi ya mguu. Kazi tatu za kwanza zilipata mwenyewe mpya. Ya nne haikupata. Siku hizi kaka mkubwa huketi kiti cha mbele siku za Ijumaa, na mpwa wake ndiye anayeendesha. Yeye humwelekeza kijana lini abadili gia, na kwa hakika sikio lake ni zuri kuliko la kijana. Hata hivyo kuelekeza si kuendesha, na hakuna mtu katika nyumba ile anayejifanya kuwa ni sawasawa.

Faida nazo zipo, na haki yapasa zisemwe. Gari limerudi kazini. Betri ikifa, vijana wanne hulisukuma na likawaka, jambo lisilowezekana kwa otomatiki. Likiharibika njiani laweza kuvutwa kwa kamba likiwa katika gia huru bila giaboksi kuungua. Na klachi itakapokwisha, kipuri chake chapatikana, na mtu wa kukifunga yuko Magara, yuko Nyanza-Lac, yuko kila kituo.

Sasa tuwageukie walimu wenzetu. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili chafundishwa katika shule zetu. Twakifundisha kwa hadithi na methali, na ni vizuri. Lakini kijana atokaye darasani kwetu akaenda gerejini hukuta Kiswahili kingine, kilichoshonwa kwa vitambaa vya Kifaransa na Kiingereza, na hakuna aliyemfundisha kukipima. Hatupendekezi maneno hayo yafukuzwe. Klachi na ambreyaji yote mawili yamekwisha pata uraia. Twapendekeza tu kwamba yaandikwe na yaelezwe: mwanafunzi apewe zoezi la kueleza kwa maneno yake kitu kifanyavyo kazi, hata mtu asiyelijua jina lake aweze kukitambua. Mwanafunzi atakayeweza kutofautisha kwa sentensi moja sahani inayobana na sahani inayobanwa atakuwa ameielewa kauli ya kutendwa kuliko aliyekariri kanuni yake.

Zoezi hilo laweza kuanza muhula ujao, na halihitaji kitabu kipya. Lahitaji mwalimu aende gerejini na darasa lake asubuhi moja, na kila mwanafunzi arudi na maneno matano pamoja na kazi za vitu vyenyewe. Fundi wa chini ya mwembe amesema yuko tayari kutupokea, mradi twende siku isiyo ya soko.